Mashine zilipata transfoma, vijana hawakupata barua

Neno "kimataifa" siku hizi limekuwa kama chumvi, kila mpishi anajimiminia. Ukitaka tamasha lako lipate wafadhili, liite la kimataifa, bandika bendera kumi ukutani, kazi imekwisha. Sisi tulikuwamo katika kamati ya tamasha moja la gemu za mashine hapa London, lililofanyika Julai 2025, na tuna sababu ya kulizungumza neno hili hadharani bila ya kumung'unya maneno.

Kwa msomaji ambaye gemu si fani yake, tueleze kidogo. Mashine tunazozisema ni yale makabati makubwa yenye skrini, mkono na vitufe, ambayo vijana wa zamani walitia sarafu na kupigana ngumi za kwenye kioo: Street Fighter, Tekken na nyinginezo. Wengi wanadhani zimekufa. Hazikufa. Wapo watu Japani, Ufaransa, Marekani na hapa Uingereza wanaozitunza kama wengine wanavyotunza magari ya kale, na hukutana kushindana. Mashindano yanayojulikana kuliko yote katika michezo hii ya kupigana, Evo, yalianza 1996 huko Sunnyvale, California, yakiwa na watu wapatao 40 tu. Miaka ya karibuni yamekuwa yakifanyika Las Vegas mbele ya maelfu.

Na kilichoyakuza ni wageni. Mwaka 2004 kijana wa Kijapani, Daigo Umehara, alikuja Pomona, California, akapambana na Mmarekani Justin Wong. Daigo alikuwa amebakiwa na roho moja ya mwisho, Wong akamshushia mateke mfululizo, naye akayazuia moja baada ya jingine, kisha akageuza kibao. Fainali yenyewe hakuishinda, lakini video ya dakika ile imetazamwa na mamilioni. Angelizuiwa mlangoni, tungekuwa na hadithi gani?

Sasa turudi kwetu. Katika kamati sisi tulipewa kazi ya kupokea wachezaji kutoka nje. Katika kikao cha kwanza, mwezi wa Januari, tulisema waziwazi: tuna vijana watatu, mmoja wa Mombasa na wawili wa Dar es Salaam, mikono yao katika Tekken inajulikana kwao, na hawa lazima wapate barua za mwaliko kabla ya Februari kwisha kwa sababu watahitaji viza. Tukajibiwa, "Tutalishughulikia." Imo kwenye kumbukumbu za kikao.

Likaja suala la transfoma. Mashine za Kijapani hutumia umeme wa volti 100, na wa hapa ni volti 230. Uchomeke hivi hivi, umeunguza kila kitu. Basi vikao vitatu vizima vilikwenda kwenye transfoma. Mjumbe mmoja alichukua ruhusa kazini, akaendesha gari siku nzima kuzifuata. Hatucheki, na wala hatudharau. Skrini za mashine zile ni za vioo vya zamani, ikiharibika kuipata nyingine ni kazi kubwa. Lakini hakuna mtu aliyechukua ruhusa hata ya saa moja kuandika barua za watoto wa watu.

Barua zilitoka mwisho wa Mei. Ya mmoja ilikosewa jina, ikabidi irudiwe. Haikuelezwa nani analipa nauli wala mgeni atalala wapi, mambo ambayo muombaji wa viza huulizwa kabla ya yote. Wakati huo kijana anatakiwa atafute taarifa za benki, barua ya mwajiri, miadi ya kutoa alama za vidole, na alipe ada ambayo tangu Aprili 2025 ilikuwa pauni 127 na hairejeshwi. Mmoja wa Dar aliangalia kalenda, akasema asante, mimi sitii pesa kisimani. Wawili waliomba. Kwa hao wawili ni pauni 254, na zilichangwa na watu wetu hapa, wengine wao wanaosafisha maofisi usiku. Siku ya ufunguzi hakuna aliyekuwa na jibu. Wa Mombasa pasi yake ilirudi na viza ndani, siku mbili baada ya tamasha kufungwa.

Wageni wetu wa Kijapani, ambao ni watu waungwana na hawana kosa lolote, waliomba kibali kwa simu kwa pauni 16, wakajibiwa siku ile ile.

Tunajua tutakavyojibiwa: kosa ni la sheria za viza. Sheria ni ngumu, kweli. Sisi tunaotembea na hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo kila afisa huigeuzageuza kama samaki anayemshuku, hatuhitaji kufundishwa hilo. Lakini sheria hiyo imeandikwa, kila mtu anaweza kuisoma, na inamruhusu hata mgeni wa matembezi kushindana na kupokea zawadi ya fedha. Haikubadilika baina ya Januari na Mei kwa ajili ya kutukomoa. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na kuandika.

Na hasara si ya vijana wale peke yao. Kabla ya Februari 2019, katika Tekken mabingwa waliohesabiwa walikuwa Wakorea na Wajapani. Ndipo Arslan Siddique, kijana wa Lahore aliyekulia katika vibanda vya mashine, akafika Fukuoka baada ya safari ya mashaka na kukwama katika viwanja vya ndege, akatwaa ubingwa wa Evo Japan. Agosti akatwaa na wa Las Vegas kwa kumshinda Mkorea Bae Jae-min, maarufu kwa jina la Knee. Arslan akasema kwao wapo wengine kama yeye. Wangapi waliamini? Knee aliamini, akapanda ndege mwaka ule ule akaenda Pakistan kucheza nao. Fainali ya Las Vegas ya 2025 ilikuwa baina ya Wapakistani wawili, na mshindi alikuwa Arslan yule yule.

Nani anajua kilichomo katika vibanda vya Kisauni au Temeke, ambako vijana hulipia kila mchezo na anayeshindwa humpisha mwenzake? Sisi hatudai kuwa mabingwa wamejaa huko. Tunadai waletwe tuwaone, na kama hawawezi kuletwa, waende wenye pasi nzuri wakawaone. Kenya iliondoa viza Januari 2024 na kuweka kibali cha mtandaoni. Mmoja wa wageni wa Kijapani alituuliza nauli ya Mombasa ni kiasi gani, na tayari tumeshampelekea bei.

Kikao cha tamasha lijalo kinaitishwa. Tumeomba ajenda ya kwanza iwe barua na fungu la ada za viza, kabla ya ukumbi na kabla ya transfoma. Hatujajibiwa. Bendera za Kenya na Tanzania zilizokuwa zimebandikwa ukutani mwezi Julai tulizibandua wenyewe, tunazo nyumbani, na hatuzirejeshi mpaka tuione barua.