Jioni Moja Kando ya Mto wa Mchanga

Ndugu zetu wanaofanya kazi Dubai na Oman wakirudi likizo hutuonyesha picha za safari ya jangwani. Alasiri gari hupanda na kushuka vilima vya mchanga, jua huzama, kisha wageni huketi kambini na kula chakula cha jioni chini ya nyota. Akina mama huzitazama picha hizo, hutikisa vichwa na kusema, "Wenzetu wamejaliwa." Halafu kila mmoja hurudi jikoni kwake.

Mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya jioni ya namna hiyo iliyo karibu nasi. Kutoka hapa Iringa hadi Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ni kiasi cha kilometa 130 tu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na tangu eneo la Usangu lilipoongezwa mwaka 2008 ukubwa wake umefikia kilometa za mraba 20,000 hivi. Watu huvuka bahari kuja kuiona. Lakini katika kikundi chetu cha akina mama wa Mlandege, waliokuwa wamewahi kumwona tembo kwa macho walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa nini hatuendi?

Tulipoulizana, sababu zilikuwa tatu: fedha, watoto, na ile fikra kwamba mapumziko si ya mama.

Juu ya fedha, tuligundua kwamba raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni wa kutoka nje. Gharama kubwa ni gari na kiongozi, na hizo hugawanyika. Tuliweka akiba kidogo kidogo kila Jumamosi kwa miezi minane, tukakodi magari mawili pamoja na kiongozi anayeijua hifadhi.

Juu ya watoto, mabibi na mashangazi walitusaidia. Kwa waume zetu, tuliwaeleza mapema na kwa heshima, si usiku wa kuamkia safari. Baba mmoja aliuliza, "Ninyi mtakula porini, je, sisi tutakula nini?" Mkewe alimwonyesha unga ulipo. Tuliporudi tulikuta wote wazima, na sufuria moja tu imeungua.

Hiyo sababu ya tatu ndiyo ngumu. Katika kazi yetu ya uuguzi tunawaona akina mama wanaoletwa wakiwa wamechoka kupita kiasi, presha imepanda, na ukiwauliza ni lini walipumzika mara ya mwisho, hutaja siku waliyojifungua. Mama anayepakua chakula kila siku naye yafaa siku moja apakuliwe.

Masharti ya kiongozi

Tuliondoka alfajiri siku moja ya mwezi Oktoba, tukiwa na masweta. Tulipita Kalenga, alikokuwa na ngome yake Mtwa Mkwawa, tukateremka kupitia Idodi na Tungamalenga. Mji wetu uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, lakini Msembe iko chini ya mita 1,000. Kabla ya adhuhuri masweta yote yalikuwa ndani ya mifuko, na vitenge vimekuwa vya kujipepea.

Baada ya kupumzika kambini wakati wa jua kali, saa kumi alasiri kiongozi alituita. Kabla ya kuwasha gari alitupa masharti. Hakuna kushuka garini isipokuwa pale anaporuhusu. Hakuna kupiga kelele wala kumtupia mnyama chakula. Jua likizama ni lazima tuwe tumerudi kambini, kwa maana kutembea hifadhini usiku kunahitaji kibali maalumu na askari. Matunda yasiwekwe ndani ya hema, kwa sababu tembo hunusa embe kutoka mbali na kitambaa cha hema si ukuta kwake. Na usiku asitoke mtu kwenda msalani peke yake. Amwite mlinzi mwenye tochi.

Wengine walicheka kusikia akina mama wazima wakiambiwa kama watoto wa shule. Lakini tulitii, na ndipo tulipoona mengi. Twiga walikuwa wakila migunga, tandala walijificha vichakani, na mibuyu mikubwa ilikuwa imechubuliwa maganda. Kiongozi alieleza kwamba wakati wa kiangazi tembo huichubua mibuyu na kuitafuna ili kupata unyevu ulio ndani yake.

Mto ulio mchanga

Tulikuwa tukingoja kwa hamu kuuona Mto Ruaha Mkuu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto. Tulipofika ukingoni, mama mmoja aliuliza, "Mto wenyewe uko wapi?"

Mbele yetu palikuwa na uwanja mpana wa mchanga mweupe, umekauka na kupasuka pembeni. Mbali kidogo palionekana vidimbwi vya maji ya kijani ambamo viboko walikuwa wamebanana mgongo kwa mgongo. Hatukuhitaji tena kwenda Ghuba kuliona jangwa.

Kiongozi alitueleza kwamba zamani mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo imekuwa kawaida kwake kusimama miezi ile ya ukame. Sababu kubwa haiko hifadhini. Iko juu, katika bonde la Usangu mkoani Mbeya, ambako maji huchepushwa kwa mifereji kwenda mashambani kabla hayajafika kwenye ardhioevu ya Ihefu, ambayo ndiyo huyahifadhi na kuyaachia mtoni polepole.

Tukiwa bado tunatazama, kundi la tembo lilitoka vichakani. Lilitanguliwa na jike mkongwe mwenye masikio yaliyochanika. Ndama walitembea katikati. Yule mkongwe alisimama penye mchanga mkavu, mahali ambapo sisi hatukuona dalili yoyote ya maji, akaanza kuchimba kwa mguu na kutoa mchanga kwa mkonga. Baada ya muda aliingiza mkonga ndani ya shimo, akanywa. Kisha ndama walisogea.

Tembo hubeba mimba miezi 22, na mkubwa mmoja aweza kunywa lita zaidi ya 100 kwa siku. Kundi huongozwa na jike mwenye umri mkubwa, kwa sababu yeye ndiye anayekumbuka maji yalikopatikana katika ukame wa miaka iliyopita. Ndiyo maana ujangili uliozikumba hifadhi zetu miaka ya 2010 hadi 2014 ulikuwa msiba mara mbili: akiuawa bibi, wajukuu hupotewa na njia ya kisimani. Garini palikuwa kimya kabisa. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akimfikiria mama yake.

Chakula cha jioni

Kambini tulikuta moto umewashwa na viti vimepangwa kuuzunguka. Mpishi alikuwa kijana mwanamume, na hakukubali hata mmoja wetu ashike mwiko. Kwanza tulipewa maji ya moto ya kunawa vumbi. Kisha ukaja wali, kuku wa kuchoma, maharage na mchicha, na chai ya tangawizi mwishoni. Mbali ng'ambo ya mchanga simba alinguruma mara mbili. Mama mmoja alihamisha kiti chake karibu na moto, tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Wali ule ulikuwa mzuri, punje zake hazikushikana. Tulipomwuliza mpishi mchele ametoa wapi, alijibu, "Mbarali."

Hapo mazungumzo yalibadilika. Mbarali ndiko Usangu. Mchele uliokuwa sahanini mwetu ulikuzwa na maji yale yale ambayo hatukuyakuta mtoni. Mwenzetu mmoja, ambaye kaka yake analima mpunga huko, aliweka sahani chini akasema, "Tembo wananitia huruma. Lakini watoto wa kaka yangu wale nini? Ada ya shule itoke wapi?"

Swali hilo ni la haki, na hakuna aliyemkemea. Mkulima wa Usangu si adui wa mtu. Ni mzazi kama sisi. Kiongozi alijibu kwa upole kwamba hakuna anayesema mpunga usilimwe. Tatizo kubwa ni maji yanayoendelea kumwagika katika mifereji baada ya mavuno, wakati shambani hamna hata mche mmoja. Mahali pengine mfereji ni wa udongo, maji hupotelea njiani. Mlango wa mfereji ukifungwa wakati wa kiangazi, na wanakijiji wakapeana zamu, mkulima hapungukiwi gunia na mto hupata chochote.

Alitukumbusha tena kwamba maji hayo yakipita Ruaha huenda Mtera na Kidatu, kwenye mitambo ya umeme ambayo kwa miaka mingi ilitegemewa na nchi nzima. Wenye umri wetu wanaukumbuka mgao wa umeme wa miaka ya 1990, tulipozalisha akina mama kwa mwanga wa kandili. Kumbe mfereji uliosahauliwa wazi huko Usangu, tembo mwenye kiu hapa Msembe, na taa ya chumba cha kujifungulia ni habari moja.

Yule mwenzetu alisema atakapokwenda kumsalimu kaka yake atamwuliza mlango wa mfereji wao hufungwa mwezi gani. Sisi tuliona hilo ni swali jema kuliko hotuba nyingi.

Mambo ya afya ya kuzingatia

Mama mpendwa, ikiwa nanyi mnakusudia kwenda, yafaa mkumbuke haya.

Kwanza ni maji. Chukueni maji safi, yaliyochemshwa au ya chupa, lita tatu au zaidi kwa kila mtu mzima kwa siku. Katika joto lile usingoje kiu. Tazama mkojo: ukiwa wa rangi ya chai nzito, mwili umepungukiwa na maji. Mtoto akiharisha au kutapika, mpe maji yenye chumvichumvi ya pakiti. Ikikosekana pakiti, changanya katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa. Mpe kidogo kidogo.

Pili ni malaria. Sisi wa nyanda za juu hatuipati mara kwa mara, kwa hiyo miili yetu haina kinga ya kutosha, nayo huweza kutushika vikali. Laleni ndani ya vyandarua na vaeni mikono mirefu jioni. Ukipata homa baada ya kurudi, hata zikipita wiki mbili au tatu, nenda ukapimwe, na umweleze mganga kwamba ulikuwa bondeni.

Tatu ni mbung'o. Inzi hawa huuma mchana, nao huvutwa na nguo za rangi ya bluu na nyeusi. Vaeni rangi hafifu kama kaki. Si kila mbung'o ana vimelea vya malale, lakini kidonda kikitokea pale ulipoumwa, pamoja na homa na kichwa kuuma, usinunue dawa dukani ukanyamaza. Wahi hospitali.

Nne, mwenye mimba iliyowahi kutishia kutoka, au aliye karibu kujifungua, aahirishe safari. Mitikisiko ni mingi na hospitali iko mbali. Anayetumia dawa za presha au kisukari azibebe mkobani mwake, si katika mzigo ulio juu ya gari.

Kabla hatujalala tulizima taa zote kwa muda mfupi, tukatazama nyota. Hakuna aliyezungumzia madeni, wala sare, wala ada. Asubuhi tuliona nyayo za tembo zimepita hatua chache kutoka kwenye mahema. Wala hatukumsikia.

Tunawashauri akina mama wa Iringa, Mbeya, Makambako na Njombe waanze kuweka akiba sasa kwa ajili ya kiangazi kijacho. Nendeni katika miezi ya Agosti hadi Oktoba, mkauone mto ukiwa katika shida yake, si katika uzuri wake tu. Tena, mkiweza, mchukue binti mmoja aliye shuleni. Yeye ndiye atakayeikumbuka njia ya kisimani sisi tutakapokuwa hatupo.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.