Shinikizo la Damu Halitoshi: Mtiririko Nao Upimwe

Chukua mfano wa mama aliyejifungua saa moja iliyopita. Kadi yake inaonyesha shinikizo la damu la 110/70, na kwa macho ya wengi hali yake ni shwari. Lakini mikono yake ni baridi, mapigo ya moyo yamefika 120 kwa dakika, analalamika kiu, na mfuko wa mkojo u karibu mtupu. Namba moja nzuri imefunika dalili nne mbaya. Kosa hili hutendeka bila kukusudiwa, na mzizi wake ni kuyachukua mambo mawili tofauti, shinikizo na mtiririko, kuwa kitu kimoja.

Tofauti hiyo si ugunduzi wa jana. Mwaka 1828 daktari Mfaransa, Jean Poiseuille, alipima shinikizo la damu katika mishipa ya wanyama kwa mrija wenye zebaki. Baadaye, akitaka kuelewa jinsi damu inavyopita katika mishipa myembamba kabisa, alipitisha maji katika vijirija vya kioo na kupima kila kitu: shinikizo, urefu, kipenyo na kiasi cha maji yaliyopita. Alibaini kwamba shinikizo likizidi maradufu, mtiririko nao huzidi maradufu. Mrija ukirefushwa maradufu, mtiririko hupungua nusu. Lakini kipenyo kikipungua nusu, mtiririko hubaki sehemu moja tu ya kumi na sita. Damu si maji, wala mishipa si kioo. Hata hivyo, fundisho kuu lasimama: upana wa njia huamua mengi.

Mwili unaopoteza damu huitumia kanuni hiyo kujiokoa. Hubana mishipa ya ngozi, figo na utumbo ili shinikizo la kulisha moyo na ubongo lisishuke. Ni kama mtu anayebana mdomo wa mpira wa bustani: maji huruka mbali, lakini ndoo huchelewa kujaa. Mzazi kijana mwenye afya, ambaye damu yake iliongezeka wakati wa ujauzito, aweza kupoteza damu nyingi kabla ya shinikizo kushuka. Likishuka, muda wa kutenda umekwisha kuwa mfupi.

Kwa hiyo, shinikizo lisisomwe peke yake. Mapigo ya moyo yagawanywe kwa namba ya juu ya shinikizo. Kwa mzazi, jibu la 0.9 au zaidi ni onyo. Kwa mama wa mfano wetu jibu ni takriban 1.1. Mkojo upimwe kwa mililita kila saa. Ukucha ubonyezwe na kuachiwa, itazamwe rangi inarudi kwa haraka kiasi gani. Na damu inayotoka ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, uliunganisha upimaji wa damu kwa mfuko wenye alama na matibabu ya pamoja yasiyocheleweshwa. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

Kanuni hiyohiyo inahusu kanula. Kanula ya buluu, namba 22, hupitisha takriban mililita 36 kwa dakika. Ya kijivu, namba 16, takriban 180, ingawa viwango hutofautiana kwa watengenezaji. Lita moja ya maji ya dripu huhitaji karibu nusu saa katika ya kwanza na chini ya dakika sita katika ya pili. Wodi ya wazazi isiyo na kanula kubwa ina upungufu mkubwa kama ile isiyo na dawa, na wanaoagiza vifaa wanapaswa kulihesabu hivyo.

Watasema wengine kwamba wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli, na uchache huo hauna budi kutatuliwa. Lakini mashine nyingi zinazopima shinikizo huonyesha pia mapigo ya moyo. Kugawanya namba mbili ni kazi ya sekunde chache, na kugusa mkono wa mgonjwa hakuhitaji mashine.

Ndugu wa mgonjwa nao wana nafasi yao. Wakimwona mzazi akitoka jasho la baridi, akihangaika au kulalamika kizunguzungu, wasinyamaze kwa kuambiwa tu kwamba "presha iko sawa". Wana haki ya kuomba apimwe tena, na mhudumu mwema hataliona ombi hilo kuwa dharau. Shinikizo huonyesha nguvu inayosukuma damu. Kinachomweka mtu hai ni damu inayofika.