NYUMBA YETU: Kinga Imo Kifuani mwa Mama

Jamaa za askari huishi maisha ya kuhamahama. Leo mko Jinja, kesho mko Gulu. Maji ni mengine, choo ni cha watu wengi, na mtoto mchanga ndiye wa kwanza kuharisha.

Mtoto huzaliwa kinga ya utumbo wake ikiwa haijakomaa. Maziwa ya kwanza ya mama, yaani dang'a, yale mazito ya manjano ambayo baadhi ya wazee huamuru yakamuliwe na kumwagwa, yamejaa kingamwili iitwayo imunoglobulini A. Hiyo hutanda ndani ya utumbo, ikavishika vijidudu kabla havijapenya. Kuyamwaga ni kumnyang'anya mtoto ngao yake siku ya kwanza.

La ajabu zaidi ni hili. Mama akifika kambi mpya, hula na kunywa vya pale. Utumbo wake hukutana na vijidudu vya mahali hapo na kuvitambua. Kisha chembe za kinga husafiri katika damu kutoka utumboni hadi matitini, na huko hutengeneza kingamwili za kuvipinga vijidudu vile vile. Hivyo mtoto hunyonya kinga inayolingana na makazi yake mapya. Hakuna maziwa ya kopo yawezayo kufanya hivyo.

Tena, maziwa ya mama yana sukari za aina ambayo mtoto hawezi kuisaga. Si za bure: ni chakula cha bakteria wema, bifidobakteria, ambao hutia utumbo uchachu, na vijidudu vibaya vikakosa mahali pa kustawi.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, hadi miezi 6. Kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mama aishiye na virusi vya UKIMWI afuate dawa na maelekezo ya kliniki.

Nanyi akina baba, msidhani kwamba kuleta kopo nyumbani ndiyo dalili ya mapenzi. Kwa fedha hiyo mnunulieni mama maharage, mboga na samaki. Mtueni mtungi wa maji kichwani, apate kupumzika na kunyonyesha. Amlishaye mama amemlinda mtoto.