Krismasi Hewani: Mama Naye Ana Likizo?

Wewe mama kijana unayepanda basi la Lamu pale Mombasa, mtoto mgongoni, ukashukia Garsen kuelekea Hewani kwa wakwe, niambie ukweli: unaenda likizo au unaenda kazini? Ukifika tu, hata jasho la njiani halijakauka, ushaonyeshwa sufuria la pilau na unga wa chapati za watu thelathini.

Wanaume wako chini ya mwembe, siasa zimenoga. Wewe uko jikoni na moshi, juu yake joto la Disemba. Ukikaa kidogo unyonyeshe, unasikia: "Hawa wa mjini wavivu kweli."

Na hapa ni kwa Wapokomo, jamani! Tuni ya wimbo wa taifa wa Kenya imetokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa akina mama wa Kipokomo. Nchi nzima inasimama wima kwa sauti ya mama anayemlaza mwanawe, halafu mama mwenyewe haruhusiwi kukaa chini amlaze wake.

Sisemi umkatalie mama mkwe. Nasema mambo yasemwe mapema. Wiki moja kabla ya safari simu ipigwe: tunakuja siku nne, mtoto akilala mchana na mama yake analala, chapati za asubuhi ni zake, za jioni zina wenyewe. Na simu hiyo apige mumeo. Ni mamake, si wako. Ukingoja mpaka tarehe 25, na njaa na hasira, itatoka kama matusi.

Pesa nayo. Kila shangazi ana shida, na nyingine ni za kweli kabisa. Tana ikifurika, kama mwishoni mwa 2023, mashamba huenda na maji. Lakini shule zinafunguliwa Januari, na Njaanuari haina mjomba. Tenga kiasi, mkabidhi mama mkwe mkononi, kikiisha kimeisha. Atakayenuna na anune, maembe mtakula pamoja tu.

Usidhani pia mama mkwe anafurahia hayo masufuria. Amepika Krismasi hizo miaka na miaka, hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Muulize mwaka huu. Na mashemeji wakishangaa kupewa visu, waonyeshe vitunguu vilipo.