Kura ya Bungeni na Mfuko wa Askari

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Mei, Bunge la Uganda huwa na kazi nzito ya kuipitisha miswada ya kodi kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Magazeti hujaa tarakimu, na redio hurudia maneno ya wabunge asubuhi na jioni. Hata hivyo, katika kambi na vituo vya polisi twasikia askari wengi wakisema kwamba mambo hayo si yao. Hoja yao ni moja: mshahara wetu haukatwi kodi, basi miswada ya kodi yatuhusu nini?

Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Ni kweli kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato inausamehe mshahara wa mwanajeshi, wa polisi na wa askari magereza. Lakini msamaha huo unaishia pale mshahara unapotoka benki. Tumtazame askari anayekaa hapa Ntinda, ambaye mwisho wa mwezi amenunua umeme wa Yaka wa shilingi 50,000. Umeme unatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kwa hiyo katika fedha hizo zaidi ya shilingi 7,600 ni kodi. Akimpelekea mama yake shilingi 200,000 kwa simu, mzazi atakapozitoa kibandani atakatwa shilingi 1,000 za kodi, mbali na ada ya kampuni ya simu. Akiweka vifurushi vya intaneti, amelipa kodi tena. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hupelekwa Nakawa, chini kidogo ya Ntinda, ambako jumba la Mamlaka ya Mapato lenye orofa 22 lilifunguliwa mwaka 2019.

Basi askari ni mlipa kodi kama raia mwingine yeyote, na yampasa ajue kodi hiyo inatoka wapi. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 152, yasema wazi kwamba hakuna kodi itakayotozwa ila kwa idhini ya sheria ya Bunge. Waziri hawezi kuitoza kwa tangazo, wala kamanda hawezi kuitoza kwa amri. Kifungu cha 93 kinaongeza kwamba mswada wa kutoza kodi lazima uletwe na serikali. Mbunge binafsi hana ruhusa ya kuuleta. Mswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa katika kamati ambako wananchi na vyama vyao waweza kutoa maoni, kisha hurudi kujadiliwa na kupigiwa kura. Rais ana siku 30 za kuutia sahihi au kuurudisha. Akiurudisha mara mbili, na Bunge likaupitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ya wabunge wote, unakuwa sheria bila sahihi yake. Jeshi lenyewe lina wawakilishi 10 katika Bunge hilo. Polisi hawana viti vya namna hiyo, lakini kila askari polisi ana mbunge wa jimbo lake.

Mfano ulio karibu ni ule wa mwaka 2018. Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya ushuru wa bidhaa, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo wananchi wakatakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii, pamoja na asilimia moja ya fedha zinazopita katika simu. Wenye vibanda vya fedha za simu walilalamika kwamba wateja wamepungua. Tarehe 11 Julai waandamanaji waliingia katika mitaa ya Kampala, na polisi wakatumia gesi ya kutoa machozi kuwatawanya. Rais Museveni mwenyewe alieleza kwamba kiwango kilichokusudiwa kwa fedha za simu kilikuwa nusu ya asilimia, si asilimia moja. Serikali ikaleta mswada mwingine, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likapunguza kodi hiyo hadi nusu ya asilimia, tena kwa kutoa fedha peke yake. Ile kodi ya shilingi 200 nayo iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya intaneti.

Twajifunza nini hapo? Kwamba malalamiko ya mitaani yalisikika, lakini kilichobadilisha tarakimu katika kitabu cha sheria kilikuwa kura. Gesi ya machozi haikuihalalisha kodi ile, wala haikuiondoa. Askari aliyesimama barabarani siku ile alikuwa amewekwa kati ya sheria na watu wanaotaka sheria ibadilishwe, na yeye mwenyewe alikuwa akikatwa kodi ileile.

Mambo ya umeme nayo yana njia yake. Zamani yalikuwa mikononi mwa Bodi ya Umeme ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1948 na kuendesha bwawa la Owen Falls huko Jinja tangu mwaka 1954. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 iliivunja bodi hiyo katika kampuni tatu, za kuzalisha, kusafirisha na kusambaza, na ikaunda Mamlaka ya Kudhibiti Umeme. Mamlaka hiyo ndiyo inayopanga bei, na huitazama upya kila baada ya miezi mitatu. Bunge halipangi bei ya uniti moja, lakini kura zake huifikia. Ushahidi ni bwawa la Bujagali lenye megawati 250, lililokamilika mwaka 2012. Umeme wake umekuwa ghali, na zaidi ya mara moja serikali imekwenda Bungeni kuomba mradi huo usamehewe kodi ya mapato ili bei isipande. Kila mara wabunge wameuliza swali lililo haki: Hazina ikisamehe hapa, nani atajaza pengo? Kodi isiyolipwa na kampuni hutafutwa kwingine, na huko kwingine ni dukani na katika simu zetu.

Mwaka 2025 ulileta jambo kubwa zaidi. Kampuni ya Umeme, iliyosambaza umeme kwa miaka 20 tangu Machi 2005, ilimaliza mkataba wake tarehe 31 Machi, na kesho yake kampuni ya serikali, UEDCL, ikaishika kazi hiyo. Bunge lilikuwa limeidhinisha mkopo wa hadi dola milioni 190.9 ili kampuni inayoondoka ilipwe mtaji ambao ulikuwa haujarudi. Serikali ililipa dola milioni 118. Kampuni ikadai zaidi, na ugomvi ukapelekwa kwa wasuluhishi. Deni hilo halikuishia katika karatasi za Bunge. Mkopo hulipwa kwa kodi au kwa bei ya umeme, na mlipaji ni mwenye Yaka, awe raia au askari.

Kwa upande wa polisi, marekebisho ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2022 yaliongeza adhabu kwa wizi wa umeme na uharibifu wa nguzo, nyaya na mashine zake. Sheria hiyo haichagui. Waya uliounganishwa kinyemela katika nyumba ya askari ni wizi sawasawa na ule wa mtaani, na polisi hawezi kumkamata jirani kwa kosa ambalo analifanya mwenyewe nyumbani kwake.

Tukitazama nyuma, historia yatuonyesha kwa nini kodi na bunduki vimekaa karibu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulitoza rupia tatu kwa kila kibanda na rupia tatu kwa kila bunduki, na wananchi hawakuulizwa. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, iliyofanya wanaume wakimbilie vichakani kuwakwepa askari wa tawala za wilaya, mpaka iliposimamishwa mwaka 2005. Wazee wengi bado wanakumbuka sare kwa sababu ya kodi ile.

Majirani zetu wa Kenya waliliona jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Nairobi lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mswada ulianguka, lakini waliokufa hawakurudi, na askari waliofyatua risasi wanabaki na kumbukumbu ya siku hiyo.

Ndiyo maana twasema kwamba askari asiyejua mswada unasema nini yuko hatarini, naye huwatia wengine hatarini. Kifungu cha 208 cha Katiba yetu chataka jeshi lisilo na upande, lenye nidhamu na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 29 champa raia haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na ya kupeleka malalamiko yake. Vifungu hivyo viwili havigombani. Anayepiga kelele kwamba kodi ni nzito si adui. Anayekata waya wa umeme ni mhalifu. Na wajibu wa askari ni kuwatofautisha hao wawili kabla ya kuinua mkono.

Basi, ndugu askari, miswada itakapoletwa tena, isomeni au muwaombe maofisa wenu wawaeleze. Wenye maoni wayapeleke kwa wawakilishi wao kwa njia iliyowekwa. Kazi yetu si kuitetea bei ya umeme wala kuipinga. Kazi yetu ni kuilinda njia ambayo kwayo bei na kodi hupangwa, na hubadilishwa pale zinapowalemea wananchi.