KABLA YA KUCHAPA MIFUKO, SAJILI ALAMA



Vikundi vyetu vinabangua korosho, vinafungasha na kubandika jina. Vikishapata cheti cha jina la biashara, vinadhani vimemaliza. Bado. Jina la biashara si alama ya biashara. Mwingine akiwahi kusajili nembo yenu, jasho lenu litamnufaisha yeye.

Ingieni mfumo wa BRELA kwa namba ya NIDA, hakikisheni nembo haijachukuliwa, chagueni daraja la bidhaa, lipeni ada. Ikikubaliwa hutangazwa, pingamizi husubiriwa siku 60. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Mkiuza Zanzibar, sajilini na huko, BPRA.

Ada ichangwe na kikundi, na alama iandikwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti.

Katibu wa Tawi