Broka na kapu lake Maasai Market

Ushawahi kuingia Maasai Market, pale maegesho ya Mahakama Kuu jijini Nairobi, siku ya Jumamosi? Kabla hujashika hata bangili moja, jamaa ashakuletea kapu: "Chagua tu, bei tutaongea mwisho." (Mimi pia nimebebewa, usinicheke.) Huyo ni broka. Hana meza wala hajatunga ushanga hata mmoja. Tuseme mama aliyeketi chini anakubali 300 kwa hereni. Wewe unaambiwa 1,000, na 700 ni za mwenye kapu. Serikali ilizindua Ushanga Kenya mwaka wa 2017 kuwainua akina mama wafugaji wanaotunga shanga. Poa, lakini mafunzo hayamtoi broka sokoni. Ukienda, kataa kapu, inama umuulize mwenyewe: "Mama, hii ni pesa ngapi?"